Nyani Kidari na Jiwe la Bi Msasa

Hadithi iko mlangoni.
Ifungulie iingie!
Imekuja na mkia.
Iingie na mkia wake!

Haya, imeingia, imekaa. Sogeeni mkekani. Na wewe uliyejilaza huko pembeni kwa sababu mabega yanakuuma, jilaze tu, usijisumbue. Nimesikia jana ulining'inia kwenye mlingoti wa goli mpaka ukaanguka chali, na wenzako wakacheka. Sisemi kitu. Mimi nasimulia tu.

Ilikuwako, mimi sikuwako, na aliyenisimulia naye hakuwako, kwa hiyo msiniulize maswali mengi.

Palikuwa na jabali kubwa, upande mmoja limesimama wima kama ukuta wa nyumba, na chini yake umeota mkuyu. Kwenye jabali hilo aliishi mjusi, jina lake Bi Msasa, kwa vile ngozi yake ilikuwa ya kukwaruza. Bi Msasa alikuwa mdogo. Ukimweka kiganjani, kinachozidi ni mkia tu. Lakini alikuwa na mayai sita, ameyalaza mchangani chini ya jiwe bapa, na zilibaki siku saba watoto watoke. Bi Msasa hakuwa na kingine duniani ila hayo mayai.

Jirani yake alikuwa Mzee Pimbi, aliyeishi kwenye ufa wa jabali. Kila asubuhi Bi Msasa akitoka kuota jua, alimsalimia jirani yake kwa desturi ya mijusi. Maana mijusi hawasemi shikamoo wala hujambo. Mjusi akikusalimia hukaza mikono, akajisukuma juu, akajishusha. Chini, juu. Chini, juu. Mtoto husalimiwa mara moja, jirani mara mbili, mkwe mara tatu. Mzee Pimbi alikuwa jirani na tena mtu mzima, basi yeye alipewa mara nne, na Bi Msasa hakuwahi kumpunja hata siku ya baridi.

Sasa siku moja akaja Nyani Kidari.

Huyu bwana alikuwa na miraba minne. Kifua hiki hapa, mikono hii hapa, shingo hata haionekani imeanzia wapi. Na mlafi! Mkuyu ukiiva, kuyu zote zake. Wake zake wanaokota zilizooza chini, naye yuko juu anakula huku macho yanatafuta cha kula kingine. Asubuhi hiyo alishiba kuyu, akashuka, akapita karibu na lile jiwe bapa, pua ikamwambia: hapa pana mayai.

Akaingiza vidole chini ya jiwe. Nyiii! Jiwe likatikisika, halikutoka. Nyiii! Jiwe likatikisika, halikutoka. Nyiii! Jiwe likainuka unene wa ukucha, likarudi. Pu!

Bi Msasa alikuwa juu ya jabali anaangalia. Hakupenda alichokiona. Maana nyani aliyeinua jiwe unene wa ukucha leo, keshokutwa ataliinua unene wa mkono, na siku saba zilikuwa bado zote.

Nyani akakaa kitako, anahema. Akainua macho akamwona Bi Msasa.

"Wewe kamjusi," akasema, "nilikuona asubuhi. Chini juu, chini juu. Kumbe ndiyo maana unatembea ukutani kichwa chini na huanguki."

Bi Msasa alitaka kumwambia kwamba ile ilikuwa salamu tu. Neno likafika mdomoni, akalimeza. Mimi hapo ndipo nilipoanza kumpenda.

"Umeniona kumbe," akasema. "Nami nilidhani nafanya kwa siri."

"Nifundishe. Nataka nguvu za kuinua jiwe hili."

Bi Msasa akamwambia kwamba mafunzo ni siku saba kamili, na kwamba mwanafunzi hagusi mali ya mwalimu mpaka mafunzo yaishe. Siku saba zikiisha, jiwe ni lake na kilicho chini yake. Nyani akapiga hesabu kichwani, akaona yai la siku saba mbele litakuwa limenona zaidi ya yai la leo. Akakubali. Halafu Bi Msasa, kwa ujeuri ambao hata yeye hakujua ulitoka wapi, akamkumbusha kwamba mwanafunzi humwamkia mwalimu.

Dume zima la nyani, miraba minne, likainamisha kichwa mbele ya mjusi wa kiganjani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Kesho njoo mapema."

Nyani alipoondoka, Mzee Pimbi akatoka ufani, akamuuliza jirani yake kama ana wazimu. Bi Msasa akajibu kwamba wazimu hana, ila siku nazo hakuwa nazo, na sasa amezipata saba.

Siku ya kwanza Nyani akaja.

"Shikamoo, mwalimu. Nianzie wapi?"

Bi Msasa hakujua. Angejua wapi? Maishani mwake hakufundisha hata panzi. Akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akaona lile jabali lililosimama wima.

"Anzia ukutani," akasema.

Alitaka kitu cha polepole kisicho na maana, kitakachokula siku tu. Akamwambia Nyani asimame hatua moja kutoka kwenye jabali, aweke viganja, akunje viwiko mpaka kifua kikaribie jiwe, kisha ajisukume arudi. Mwili unyooke, kiuno kisilegee. Mara kumi, apumzike. Mara kumi, apumzike. Mara kumi, aende nyumbani. Nyani akacheka mpaka meno yote yakaonekana.

"Hii ya watoto wachanga."

"Watoto wachanga ndio wanaokua," akasema Bi Msasa. "Sukuma."

Akasukuma. Fuu, haa. Fuu, haa. Siku ikaliwa.

Siku ya pili Nyani akaja.

"Shikamoo, mwalimu. Nianzie wapi?"

Bi Msasa akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akaona mkuyu.

"Anzia tawi la chini."

Nyani akaudhika. Yeye amezoea tawi la juu, iweje apewe tawi ambalo miguu inagusa chini? Lakini kurukaruka kwa pupa ni kitu kimoja, na kujishikilia ukatulia ni kitu kingine. Bi Msasa akamwambia ashike, aning'inie, vidole vya miguu viguse ardhi vimsaidie, ahesabu pumzi kumi, aachie. Baadaye achuchumae mpaka chini, asimame polepole. Kisha alale kifudifudi, ajiinue kwa viwiko na vidole vya miguu, akae hivyo amenyooka kama ubao, asitikisike. Hapo kwenye ubao Nyani alitetemeka tumbo zima, bruu-bruu-bruu, akasema kuna mdudu amemng'ata. Siku ikaliwa.

Siku ya tatu Nyani akaja.

"Shikamoo, mwalimu. Nianzie wapi?"

Bi Msasa akaangalia kulia, akaangalia kushoto. Hakuona kitu. Mawazo yalikuwa yamemwishia.

"Leo," akasema, "ni kulala."

"Kulala?"

"Kula vizuri, kunywa maji, na kulala. Hilo nalo ni somo."

Nyani akaona amepata mwalimu mzuri kweli. Akaenda akala, akanywa, akalala mkoromo mmoja mpaka asubuhi. Bi Msasa naye akamwambia Mzee Pimbi, akichekacheka, kwamba siku tatu zimekwenda kwa upuuzi mtupu, na zilizobaki atazimaliza vivyo hivyo.

Haya, cheka, Bi Msasa, cheka. Hakujua masikini kwamba alichokifanya hakikuwa upuuzi. Ukuta kwanza, tawi la chini kwanza, kuchuchumaa, ubao, halafu usingizi: hiyo ndiyo njia yenyewe! Hata leo ukimuuliza mtu anayejua kubeba mwili wake mwenyewe, atakwambia hivyo hivyo. Bi Msasa alidhani anamdanganya mtu, kumbe anamfundisha.

Siku ya nne Nyani akaja, na hakuamkia.

Akaenda moja kwa moja kwenye jiwe. Akachuchumaa vizuri, kama alivyofundishwa. Akanyoosha mgongo, kama alivyofundishwa. Akaingiza vidole. Hakusema hata nyii. Jiwe likainuka! Likainuka unene wa kiganja, jua likaingia chini yake kwa mara ya kwanza, na pale mchangani yakaonekana mayai sita, meupe, yamekaa kimya.

Nyani akataka kuchukua. Akaachia mkono mmoja apeleke kwenye mayai, jiwe likamwelemea. Puuu! Likaanguka limekaa upande, pembe moja juu ya kijiwe kidogo, mayai salama.

"Bado kidogo tu," akasema Nyani, anajipapasa mikono kwa furaha. "Kesho nalimaliza."

Bi Msasa akamkumbusha maagano ya siku saba. Nyani akamwambia kwamba siku saba ni zake mwenyewe mwalimu, yeye nguvu ameshazipata, na akaenda zake kula kuyu.

Niwaambie kweli, mimi nilipofika hapa mara ya kwanza nilitaka kuondoka mkekani, sikutaka kusikia. Bi Msasa alijilaza juu ya jiwe lake, tumbo limegusa jiwe, akalia. Mzee Pimbi akatoka. Hakujua kubembeleza, wazee wengine hawajui. Akasema tu, "Jirani, tatizo lako umefundisha vizuri mno."

Bi Msasa akanyamaza kulia. Akainua kichwa.

"Rudia, mzee."

"Nasema umefundisha vizuri mno."

Basi akaanza kukumbuka. Siku ya kwanza Nyani alilalamika nini? Kwamba ya watoto. Siku ya pili? Kwamba tawi liko chini. Nyani hakuwa na shida na kazi. Shida yake ilikuwa kuonekana anaanza. Bi Msasa akaukimbilia ukoka uliokuwa chini ya mkuyu, akasokota, akasokota, akatengeneza kilemba cha ukoka, akaenda nacho mpaka alipokaa Nyani na wake zake.

"Bwana Kidari," akasema, "nimekuja kukuomba radhi mbele ya wake zako. Nimekuchelewesha. Ukuta ni wa wanaoanza. Wewe kwani unaanza?"

"Mimi?" akasema Nyani. "Mimi nilianza kabla sijazaliwa."

Akavishwa kilemba. Kikamkaa sawasawa. Bi Msasa akaendelea kwamba yapo mazoezi matatu ya mabingwa, ila hayo atamkataza. Si ya mtu wa siku nne. La kwanza ni kusimama kwa mikono, miguu juu. La pili ni kuning'inia tawi la juu kabisa kwa mkono mmoja, ukajivuta mpaka kidevu kipite tawi. La tatu ni kushika shina la mti kwa mikono miwili na kuunyoosha mwili hewani kwa ubavu, kama bendera yenye upepo. Moja tu kati ya hayo, mtu hulifikia baada ya mwaka, tena akianza polepole.

Kila neno hapo lilikuwa kweli. Oneni ujanja huo! Bi Msasa hakusema uongo hata kidogo. Alimkataza mbele ya wake zake.

"Bwana, usifanye," akasema. "Nakusihi. Utaumia."

"Nitafanya yote matatu kesho," akasema Nyani Kidari, "kabla jua halijapanda. Halafu nitakuja kula mayai yako nikiwa nimesimama kwa mkono mmoja."

Siku ya tano wake wote wakakaa mstari. Nyani na kilemba chake akapanda juu ya jabali, akaweka viganja, akarusha miguu. Akasimama! Akasimama pumzi moja, pumzi mbili, uzito wote kwenye viganja ambavyo havijazoea. Viganja vikasema: ka, ka. Hakukubali. Akakimbilia mkuyu, tawi la juu, mkono mmoja, akajivuta. Bega likasema: kacha. Hakukubali. Akashika shina, akaurusha mwili hewani kwa ubavu. Kiuno hakikusema kitu, na kiuno kikinyamaza ujue hapo ndipo pabaya zaidi. Akabaki amekumbatia mti.

Wake zake wakamwomba ashuke. Akajibu kwamba amependa pale. Akakaa pale mpaka alasiri, wakamshusha kwa kumviringisha.

Siku ya sita hakutoka. Mkono haukufika mdomoni. Alilala ubavu mmoja, akitaka kugeuka anaita watu. Wake zake walipanda mkuyu, wakala kuyu mbivu kwa mara ya kwanza tangu waolewe, nao wakamrushia moja moja mdomoni. Zile alizozikosa hawakuzirudia.

Siku ya saba asubuhi Bi Msasa aliweka sikio kwenye jiwe. Tiki. Akashika pumzi. Tiki, tiki. Wamo, wanagonga, wanatoka!

Na hapo hapo akasikia hatua. Nyani Kidari anakuja. Anatembea kwa viwiko, uso umeingia ndani, kilemba kimekauka. Mikono haikuweza kuinua jiwe, hiyo ni kweli, lakini mdomo ulikuwa mzima na meno yake yalikuwa mazima. Mtoto wa mjusi akitoka tu mbele ya mdomo ule, basi.

"Shikamoo, mwalimu," akasema Nyani, na sauti ilikuwa ndogo. "Nilikosea wapi?"

Bi Msasa akaona ile pembe ya jiwe, iliyoinuka tangu siku ile lilipoanguka vibaya. Pale pembeni palikuwa na mwanya. Na kwenye mwanya palikuwa na pua ndogo sana.

"Marahaba," akasema. "Njoo ukae hapa kwangu. Lipe jiwe mgongo, uso uelekee huku. Nitakwambia yote, na leo sikufichi kitu."

Nyani akakaa, mgongo kwenye jiwe. Bi Msasa akafundisha. Alifundisha kama anayeombea roho.

"Hukukosea ulipoanza," akasema. "Anzia ukutani." Mtoto wa kwanza akatoka. "Ukuta ukikuzoea, shuka kwenye jiwe la kimo cha magoti, usukume hapo. Hilo likizoeleka, shuka chini, ukipiga magoti. Chini ndiyo mwisho." Wa pili akatoka. "Tawi la chini, miguu iguse. Siku ukiweza pumzi thelathini, kunja magoti." Wa tatu. "Viganja viandae kila siku, uvikande taratibu, uvikunje, uvinyooshe, maana ndivyo vitakubeba." Wa nne. "Siku moja fanya, siku moja lala. Nguvu huja umelala." Wa tano. "Na ukisikia maumivu yanachoma, acha. Ukisikia uchovu tu, endelea."

Akasubiri. Wa sita hakutoka.

Bi Msasa alikuwa amemaliza. Hakuwa na neno jingine. Nyani akaanza kujigeuza, anaugua.

"Ngoja nirudie," akasema Bi Msasa.

"Si umeshasema?"

"Anayesikia mara moja husahau. Anzia ukutani."

Akarudia ukuta. Akarudia jiwe la magotini. Akarudia tawi, akarudia viganja, na macho yake yako kwenye mwanya. Mwisho kabisa, alipofika tena kwenye kulala, pua ikatokeza. Wa sita akatoka na ganda kichwani. Akaanza kukimbia, akasimama. Akaona mgongo mkubwa wa mgeni mbele yake. Mtoto mwenye adabu, tena wa kuzaliwa sasa hivi! Akakaza vijikono vyake, akausalimia ule mgongo wa Nyani. Chini, juu. Chini, juu. Chini, juu. Mara tatu, za mkwe. Mama yake alikufa mara tatu akafufuka mara tatu. Kisha mtoto akakimbilia ufani kwa Mzee Pimbi, walikokuwa wenzake.

Bi Msasa akapumua. Hiyo pumzi ilikaa kifuani siku saba, ikatoka yote kwa mpigo mmoja.

"Mbona unapumua hivyo?" akauliza Nyani.

"Mafunzo yamekwisha," akasema Bi Msasa. "Jiwe ni lako."

Na alitimiza ahadi, msije mkasema mijusi hawana ahadi. Nyani alipopona alianzia ukutani. Akaenda tawi la chini. Akalala siku za kulala. Mwezi wa tatu wa mazoezi akaja kwenye jiwe, akachuchumaa vizuri, akaliinua kwa pumzi moja, akaligeuza lote. Akakuta mchanga na maganda sita matupu. Akakaa akayaangalia muda mrefu, mikono yake imejaa nguvu na haina cha kushika.

Basi, mafunzo ya hadithi hii ni haya, yashikeni. Ukitaka mazoezi, usianzie ukutani hata siku moja. Anayeanzia ukutani hupata nguvu, na mwenye nguvu hugeuza mawe ya watu. Anza na lile gumu kuliko yote, siku ya kwanza, watu wakiangalia, na ukatazwe kabisa. Utalala siku tatu ubavu mmoja, na majirani zako wote watakaa kwa amani. Wewe wa mabega huko pembeni, umefanya vyema kabisa, mtaa mzima unakushukuru.

Hadithi nimeitua.
Umeitua wapi?
Hapa hapa mkekani. Iliyo tamu gawaneni. Iliyo chungu nirudishieni, nitaimalizia na chai.
Tumegawana!